Mwasmini na Kisu

Mwasmini si mmea wa kungojea mbegu. Katika nyua za Unguja, Lamu na Mombasa huchanua kila mwaka, lakini tunda lake ni nadra kulikuta. Kila kichaka ni tawi lililokatwa kwenye kichaka cha mtu mwingine, na hicho nacho kwa mwingine, hadi ng'ambo ya bahari, upande wa India. Ukiifuata nasaba hiyo hukuti mbegu. Unakuta visu.

Ndiyo maana nawashangaa wanaouonea huruma mwasmini wao wasiupogoe. Basi watabaki na majani. Asmini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi kuukuu limekwisha toa lake. Maua yakipungua, mjuzi huondoa matawi makavu na yanayosongana katikati, akafupisha yaliyobaki, akaweka samadi iliyooza vizuri na kumwagilia. Kwa muda kichaka huonekana kama kimenyolewa na mtu mwenye hasira. Kisha machipukizi hutoka kila upande, na nchani matumba, mara nyingi matatumatatu. Jua lisikosekane, na maji yasituame shinani.

Kazi nyingine ni ya saa. Tumba la asmini hufunguka jua linapokuchwa, na usiku ndio harufu hukolea. Anayechuma mchana wa pili anaokota masalio, pengine petali zimekwisha ingia wekundu. Fundi huchuma alasiri: matumba yaliyonenepa, meupe kabisa, bado yamefumba. Yenye ukijani huyaacha. Huyapitisha uzi taratibu, au huyatia kwenye kikuba pamoja na rehani na kilua, ili yafunguke yakiwa tayari kifuani mwa bibi anayekwenda harusini. Wachina nao huchanganya matumba hayohayo na majani ya chai usiku, chai ikafyonza harufu. Manukato ya chupa yana faida yake, sikatai, ila hayajui magharibi imeingia.

Na tawi si kila mtu hulitoa kwa hiari. Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alipata asmini yenye petali nyingi kutoka Goa mwishoni mwa karne ya 17, akaitunza katika bustani yake ya Castello, nje kidogo ya Firenze. Inasimuliwa kwamba alikataza hata kijiti kimoja kisitoke, na kwamba mtunza bustani mmoja alimpelekea mchumba wake tawi, naye akalipanda. Iwe kweli au hadithi, namwamini mtunza bustani.

Kwetu tawi huombwa mlangoni. Jirani akija, mkatie lililokomaa kiasi, si teke wala gumu kabisa, unene wa penseli, lenye vifundo vitatu au vinne. Apunguze majani, alichomeke kivulini kwenye udongo wenye mchanga, na udongo uwe na unyevu. Wala asiling'oe kila asubuhi kuangalia kama limeota mizizi.