Karatasi ya otoradio: inasema nini, inanyamazia nini

Leo sichambui kitabu. Nachambua karatasi iliyokunjwa mara nne, ile inayotoka mu karto ya otoradio ya bei ya chini. Ndugu zetu wengi wa Lubumbashi wameishika mukononi, wachache wameisoma, na sisi ilitugarimu dola 70.

Yaya yangu anaendesha taksi, Toyota ya kutoka Japani. Redio iliyokuja nayo ilikuwa ya FM ya kule, inaanzia 76 MHz na kuishia 90, wakati stasyo zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Njo maana mwenye gari ya vile anabadilisha redio mapema. Fundi mumoja wa barabarani alimuwekea ingine, pamoja na ampli ya bafle za nyuma. Juma lilipita vizuri, muziki safi. Jumatatu asubui: tik, tik, motere haiwaki. Wakasukuma. Jumatatu iliyofuata, vile vile.

Akaniita mimi, mwenye diplome ya umeme. Nikafungua karatasi. Kwa upande wa rangi inastahili sifa: fili ya njano ni umeme wa batri saa zote, nyekundu ni umeme wa kontakti, nyeusi ni masi, buluu inaamusha ampli. Wazi kabisa. Lakini chini kuna jedwali la panne, mistari mitatu tu: haiwaki, angalia fizible, haina sauti, angalia bafle, haishiki stasyo, angalia antene. Yaani panne yote wanayoijua ni ya redio inayokataa kazi. Yetu ilikuwa inaimba! Karatasi haiwazi hata kidogo kwamba redio nzima inaweza kuua gari. Na mimi nikasoma sawa vile imeandikwa, nikasema: «Yaya, redio iko muzima. Batri njo imechoka, nunua ingine.»

Akanunua. Pesa ilikuwa ya minerval ya mudogo wetu. Jumatatu: tik, tik.

Aibu njo ilinifanya nichukue multimetri. Nikaiweka ku ampere 10, nikafungua kamba ya minus ya batri na kuingiza kipimo katikati, ufunguo nje, milango imefungwa, nikangoja dakika 20. (Hapo usijaribu kuwasha motere, fizible ya kipimo itakufa.) Gari iliyolala inapaswa kula chini ya ampere 0.05. Ile ilikuwa inakula 1.1. Sasa fanyeni hesabu: Jumamosi jioni mupaka Jumatatu alfajiri, gari imesimama saa 35. Mara 1.1, ni karibu 38. Batri ilikuwa ya 45 Ah. Usiku wa katikati ya juma ulikuwa mufupi, motere ilirudisha kile kilicholiwa; siku ya Mungu njo ilimaliza kila kitu. Hesabu hiyo mutoto wa sekondari anaiweza. Karatasi ingeiweka mu mistari miwili, na mimi ningeifanya hata bila karatasi.

Nikachomoa fizible moja moja. Nilipofikia ya redio, kipimo kikaanguka ku 0.03. Fili nyekundu, ufunguo nje: volti 12. Haikupaswa. Chini ya skochi nikakuta nyekundu na njano zimezungushwa pamoja. Redio iliamini ufunguo uko ndani saa zote. Yaya alikuwa anakata sauti tu, kioo kinajizima chenyewe, kumbe ile fili ya buluu inaendelea kushika ampli macho usiku muzima.

Musimutukane fundi haraka. Yaya mwenyewe alimuomba: «Papa fundi, nataka kusikiliza muziki bila ufunguo, pale ku parking.» Papa fundi akamupa. Bei yake hakuna aliyemuambia.

Kosa lingine la karatasi ni neno moja: «tafuta masi nzuri». Nzuri namna gani? Wengi wetu tunagusisha kipimo, tunaona volti 12, tunafunga. Lakini kipimo hakivuti karibu kitu. Bulon yenye kutu itapitisha volti 12 za kuonyesha, kisha itashindwa pale ampli inapotaka nguvu ya kweli. Pima wakati muziki unapiga: mukono mumoja wa kipimo ku minus ya batri, mwingine ku fili nyeusi ya ampli. Ukipita volti 0.2, masi inakudanganya. Ya yaya ilionyesha 0.9, walikaza bulon juu ya rangi ya gari. Nilikwangua mupaka chuma kikaonekana, na ile bafle ya nyuma iliyokuwa inakoroma ikanyamaza kukoroma. Hapo pia nilikuwa nimeshasema ni bafle mbovu.

Tulitenganisha fili. Batri ya zamani, ile niliyoihukumu, niliichaji polepole siku mbili. Inawasha taa kwa mama wakati umeme unakatwa. Mudogo alirudishwa nyumbani siku tatu mbele ya kupata ile minerval. Bado hajaniuliza ni nani aliyesema batri inunuliwe.