Huyu Kwenye Picha ni Nani?

Masasi wanamjua Trevor Huddleston kama askofu wao wa Kianglikana wa miaka ya 1960 hadi 1968. Johannesburg wapo wanaomkumbuka kwa tarumbeta. Alipokuwa padri na msimamizi wa shule ya St Peter's, mtaani Rosettenville, mwanafunzi mtukutu wa miaka 14 alimwambia kwamba angepata tarumbeta, utundu ungekoma. Padri akamtafutia. Mvulana huyo alikuwa Hugh Masekela.

La Rochelle ni jirani na Rosettenville, na kila ninapofikiria shindano la picha kwa vijana wa mitaa ile, namkumbuka padri yule: mtu mzima anamkabidhi kijana chombo, kisha anakaa kando. Ila tarumbeta unaweza kuipuliza peke yako chumbani, majirani wakanung'unika tu. Kamera humtaka mtu wa pili. Lazima uielekeze kwa uso wa mwenzako, naye ana haki ya kukuuliza unataka nini. Ufundi ninaotaka kuusifu unaanzia kwenye swali hilo.

Mtaa wa La Rochelle wenyewe unapigika picha. Uko kusini mwa katikati ya jiji, ng'ambo ya vilima vya mchanga ulioachwa na machimbo ya dhahabu. Wareno wengi waliishi huku, wakaongezewa na waliotoka Msumbiji na Angola nchi hizo zilipopata uhuru mwaka 1975. Baadaye wakaja Wamsumbiji wenyewe, Wakongo, Wazimbabwe. Karibu hapo kuna ziwa la Wemmer Pan na makumbusho ya usafiri ya James Hall. Johannesburg iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na majira ya baridi hewa hukauka hata vivuli vikawa vikali kama vimekatwa kwa mkasi. Mwanafunzi wa kamera hujifunza mapema kwamba saa sita mchana jua humtia mtu mashimo mahali pa macho. Afadhali amwombe akae barazani, mwanga umfikie baada ya kugonga ukuta wa mbele. Hayo hufundishika kwa siku moja.

Kisichofundishika kwa siku moja ni kumwomba. Kwenye mtaa wa wageni, mtu anayeinua kamera barabarani anaweza kuwa yeyote, na mwenye wasiwasi wa vibali hangoji kujua ni nani. Woga huo una historia. Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni ziliua zaidi ya watu 60 Afrika Kusini. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya Mmsumbiji aliyechomwa moto katika makazi ya Ramaphosa, mashariki mwa Johannesburg. Watu walimwona akiungua kabla ya kujua kwamba aliitwa Ernesto Nhamuave. Siwalaumu waliopiga picha hiyo, bila wao pengine tungeambiwa hakuna kilichotokea. Lakini uso ulitangulia, jina likaja nyuma likihema.

Kijana wa mtaa hawezi kumudu mpangilio huo. Akimvizia fundi cherehani leo, kesho mama yake atamtuma kwa fundi huyohuyo kufuata sketi. Basi hana budi kuanza na salamu, aulizwe habari za nyumbani, asubiri mteja aondoke, ndipo aseme shida yake. Mpiga picha wa gazeti aliyepewa nusu saa hana muda wa hayo.

Nairobi waliliona hili zamani. Mwaka 1997 Lana Wong na Francis Kimanzi, yule ambaye baadaye alikuja kuifundisha Harambee Stars, waliwapa kamera za plastiki vijana 31 wa chama cha michezo cha MYSA huko Mathare. Mradi ukaitwa Shootback, na mwaka 1999 picha zikatoka kitabuni. Kamera zilikuwa za bei ndogo, lakini watu walio mbele yazo hawajakaza nyuso. Mmoja wa vijana hao, Julius Mwelu, akawa mpiga picha kamili, kisha akaanzisha taasisi ya kufundisha wadogo zake wa Mathare.

Johannesburg haijakosa walimu pia. David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop mwaka 1989. Lakini mfano unaonikaa zaidi unatoka Thokoza, kusini-mashariki mwa jiji, ambako mwaka 2012 mradi wa Of Soul and Joy ulianza kufundisha upigaji picha katika shule ya sekondari ya Buhlebuzile. Lindokuhle Sobekwa, aliyezaliwa 1995, alijifunzia hapo akiwa mwanafunzi. Dada yake Ziyanda alikuwa ametoweka nyumbani tangu Lindokuhle akiwa mtoto, akarudi baada ya zaidi ya miaka kumi akiwa mgonjwa. Siku moja mwanga ulimwangukia vizuri, kaka akainua kamera. Dada akamkatalia kwa ukali. Kamera ikashuka. Muda si mrefu Ziyanda akafariki, na picha ile haipo.

Katika picha moja ya familia, uso wa Ziyanda ulikuwa umekatwa. Sobekwa akaanza kufuata nyayo za dada yake kwenye nyumba na mitaa aliyopita, akaikusanya safari hiyo katika kitabu, nacho kikampa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse mwaka 2025. Kwangu, kazi yote hiyo inasimama juu ya ile dakika aliyotii. Angebonyeza kwa siri angepata picha moja nzuri, na pengine kitabu kisingekuwapo.

Hapa ndipo mashindano yananitatiza. Majaji hupewa kilichopigwa. Mtoto aliyeshusha kamera kwa heshima hana cha kubandika ukutani. Sina dawa kamili. Ila ningeombwa kuwa jaji La Rochelle, kila picha ningeigeuza nisome mgongo wake kwanza: huyu ni nani, na amepewa nakala? Ikikosa majibu ningemwita mpigaji anieleze, na mwanga mzuri usingemsaidia. Ningekubali pia karatasi tupu yenye maelezo ya aliyekataliwa. Na wafadhili, ambao hupenda kumkabidhi mshindi kamera mpya mbele ya waandishi, ningewaomba sehemu ya fedha ilipie nakala za wote waliokubali kupigwa, halafu picha zitundikwe papo hapo mtaani, ili mwenye duka apite na kulalamika mbele ya jaji kwamba kijana amemwonyesha kaunta ya zamani ilhali mpya iko nyuma yake.