Vibarua wanane, mlango mmoja

Huenda umeshasikia ushauri huu: ukitaka kubadilisha muundo wa hifadhidata haraka, endesha mabadiliko yote kwa pamoja. Unavutia, ila ni nusu tu ya ukweli.

Chukua kazi ya dakika 60. Tuseme dakika 24 ni hatua ambazo lazima zifuatane: huwezi kuunganisha jedwali la oda na la wateja kabla hilo la wateja halijaundwa. Dakika 36 zilizobaki wagawie vibarua wanane, zinakuwa 4 na nusu. Jumla 28 na nusu. Yaani vibarua wanane, kasi mara mbili na kidogo! Gene Amdahl alishaonyesha kikomo hiki mwaka 1967.

Halafu kuna kufuli. Kwenye PostgreSQL, amri nyingi za ALTER TABLE hufunga jedwali zima. Wengine hata kusoma hawawezi. Amri mbili zikilitaka jedwali hilohilo, moja inasubiri, na watumiaji wako wanasubiri nayo. Mbaya zaidi, ya kwanza ikishika jedwali A na kungoja B, huku ya pili imeshika B na inangoja A, zote zimekwama mpaka mfumo uikatishe moja.

Sipingi kufanya kazi sambamba. Programu ya pg_restore hupakia data na kujenga faharasa kwa vibarua kadhaa, lakini inazingatia kipi kinategemea kipi. Ushauri ule unaliruka hilo. Wewe usiliruke: kabla hujaongeza vibarua, chora kwanza nani anamsubiri nani.