Kamirithu na Lugha ya Wahusika

Mwalimu mwenzangu, katika hadithi fupi za wanafunzi utakutana na mzee wa miaka 80 anayezungumza kama mhariri wa gazeti. Walimu wengi husahihisha sarufi na hijai, sauti ya mhusika wakaiacha ilivyo.

Rejelea Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliwasomea wanakijiji, katika kituo chao cha elimu ya watu wazima, mswada wa tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wakulima na vibarua hawakusikiliza tu. Walipinga pale mzee aliposemeshwa kama kijana. Wafanyakazi wa viwandani wakaeleza kazi yao ifanywavyo. Mswada ukarekebishwa. (Kibali cha maonyesho kilifutwa Novemba mwaka huo, na marehemu Ngugi akaandikia riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini kizuizini.) Wahakiki hushughulikia mno siasa ya tamthilia hii, nayo masahihisho hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayomfaa zaidi mwandishi chipukizi.

Nawe mtahiniwa, msomee nyanya yako, au jirani mzee, mazungumzo uliyoyatunga. Akicheka pasipochekesha, andika upya.