Kimanga cha Kuni Milimani Taita: Jamani, Utamu Huu!

Epua chochote ulichobandika jikoni, uje unisikilize. Nimerudi juzi kutoka Wundanyi, na ulimi wangu bado haujashuka mlimani!

Unaliacha joto la Voi, unaipita Mwatate, barabara inaanza kujipinda, na ghafla unatafuta sweta. Juu kabisa ni kilele cha Vuria, mita 2,208, kimejitanda ukungu. Mama mwenyeji wetu alikuwa ameshapanga mafiga matatu nje, pembeni mwa shamba. Kuni zilikuwa matawi makavu ya shambani mwake.

Chakula chenyewe ni kimanga, fahari ya Wataita. Chake kilikuwa cha muhogo, viazi vitamu na maharagwe. Maharagwe hutangulia kwa kuwa ndiyo magumu. Yakikaribia kuiva, muhogo unaingia, kisha viazi. Kazi yote iko kwenye maji: yakizidi unapata uji, yakipungua kinaungua. Mama alivuta kuni mbili nyuma, akabakiza makaa, akafunika. Alipofunua, kijana wake aliibana sufuria kwa kitambaa, naye mama akashika mwiko kwa mikono miwili, akaponda mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

Tonge la kwanza lilininyamazisha. Viazi vinaleta utamu, muhogo unashikamanisha, na maharagwe yaliyonusurika na mwiko yanapasuka mdomoni. Halafu ule moshi! Umepenya mpaka ndani, kama kiungo ambacho hakuna duka linalokiuza. Na ukoko, jamani, ule ukoko wa kahawia! Tuliukwangua tukagawana kama watoto. Kando palikuwa na mnavu na maziwa mgando, na sikuhitaji zaidi.

Lakini kumbe bado! Viazi vingine vilikuwa vimefukiwa majivuni. Tulivipasua vikifuka mvuke, tukavidondoshea asali ya Sagalla, kule ambako wakulima huzungushia mashamba mizinga iliyofungwa kwenye waya, kwa sababu ndovu huwaogopa nyuki. Asali inayolinda shamba, juu ya kiazi kilichotoka shambani!

Nasema bila kusita: hiki ndicho chakula bora nilichokula nje ya nyumba mwaka huu. Wewe unayepita Voi mbio ukielekea Mombasa, safari ijayo kata kona ya Mwatate, upande. Kimanga huliwa kikiwa moto.