Msichana Aliyejihariri

Wengi tunamkumbuka Anne Frank kwa namna alivyokufa. Mimi namheshimu pia kwa alivyojua kuandika upya.

Machi 28, 1944, akiwa mafichoni Amsterdam pamoja na watu wengine saba kuwakwepa Wanazi, alimsikia redioni Gerrit Bolkestein, waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London, akiwaomba wananchi watunze barua na shajara zao zikusanywe baada ya vita. Anne alikuwa na miaka 14. Angeweza kuyahifadhi madaftari yake ya shajara yalivyo. Badala yake, mwezi Mei alianza kuyaandika upya kwenye karatasi nyembamba za ofisini, akilenga kutoa kitabu ambacho jina lake alishalichagua: Het Achterhuis, yaani Nyumba ya Nyuma.

Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa makini. Hapo awali shajara yake aliiandika kama barua kwa marafiki kadhaa wa kubuni, aliowatoa katika riwaya za Cissy van Marxveldt. Sasa akawaondoa wote, akabaki na Kitty peke yake, na sauti ya kitabu kizima ikatulia, kwani msemaji anamjua anayesema naye. Tena aling'amua kwamba msomaji mgeni haijui familia hii. Akatunga barua ya utangulizi, akaipa tarehe ya Juni 1942, na humo akaeleza habari za wazazi wake, kuhama kwao Ujerumani, na upweke uliomsukuma kushika kalamu. Husomwa kama maneno ya mtoto aliyepewa daftari juzi, kumbe imetungwa na mtu mwenye mazoezi ya karibu miaka miwili.

Kinachonistaajabisha zaidi ni anavyokata. Mapenzi yake kwa Peter, kijana aliyejificha pamoja nao, yaliyojaza kurasa nyingi, aliyaondoa karibu yote. Maneno makali juu ya mama yake aliyapunguza. Ni watu wazima wangapi wenye kuishi kwa kalamu wanaothubutu kufuta ukurasa walioulilia, kwa sababu tu hauifai habari?

Alijaza karatasi zaidi ya 200 kabla ya kukamatwa Agosti 4. Miep Gies na Bep Voskuijl, waliokuwa wakiwasaidia mafichoni, waliziokoa. Baba yake, Otto, alipokichapisha kitabu mwaka 1947, alirudisha baadhi ya mambo ambayo binti yake alikuwa ameyakata. Namwelewa, ila mhariri ninayemwamini zaidi ni yule binti. Toleo la kitaalamu la mwaka 1986 limeyapanga maandishi yake kwa pamoja, na humo mtu anaweza kufuata, mara nyingi tarehe kwa tarehe, aya ilivyokuwa na Anne alivyoitengeneza.