Mbuzi Kwenye Gunia

Wahenga walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi na amwone mnyama kwanza, amkague meno na kwato, ndipo atoe fedha yake. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga neno hili. Kumbe ipo biashara nzima, tena kubwa, ambayo inauza gunia lenyewe. Mbuzi akitolewa nje, mara nyingi bei hushuka. Akibaki ndani, hakuna ajuaye kama ni mbuzi au ni paka, na watu hugombania kumnunua. Biashara hiyo ni ya kadi za kukusanya. Nathubutu kuizungumzia kwa sababu imeingia nyumbani kwangu hapa Houston, na kwa sababu mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, nimeinywa sumu yake.

Kwa msomaji asiyezijua, kadi hizi si karata za turufu na mizungu tulizozizoea barazani. Ni vipande vya karatasi ngumu, vyenye picha ya mchezaji wa mpira au ya kiumbe cha hadithi. Huko Marekani zilianza kama vikorombwezo tu. Kati ya mwaka 1909 na 1911 makampuni ya tumbaku yalizitia ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikauzwa pamoja na ubani wa kutafuna. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Magic: The Gathering, ambao kadi zake hukusanywa na pia huchezwa. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, na toleo lake la kwanza la Kiingereza likatoka Marekani mwaka 1999. Toleo hilo lilikuwa na kadi 102, na kila pakiti ilikuwa na kadi 11. Mtoto alitoa fedha bila kujua ni kadi 11 zipi atakazopata. Hilo ndilo gunia.

Mwanangu alianza akiwa na miaka 12. Sikumkataza. Nilipokuwa shule ya msingi Tanga nilikusanya stempu, nikizibandua kwenye bahasha kwa maji ya uvuguvugu na kuzianika juu ya gazeti. Kwa stempu nilijifunza kwamba Hungaria hujiita Magyarország, na kwamba dunia ni pana kuliko Ngamiani. Nikadhani kadi nazo zitamfundisha mtoto jambo kama hilo. Tena kwa muda zilimfundisha. Alijua takwimu za wachezaji kwa moyo, akapata marafiki wa kubadilishana nao, akajifunza kusema hapana kwa mjanja aliyetaka kumpunja.

Kisha nikaona mabadiliko. Alipofungua pakiti hakuzitazama tena kadi. Alizipitisha haraka kwa kidole gumba, akiruka tisa ili aifikie moja ya nyuma, na ile moja isipokuwa ya maana, zote kumi zikatupwa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Nilimwuliza, "Mbona huzisomi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Hizi ni takataka tu, Baba." Neno lile lilinichoma. Zilikuwa zimechapwa vizuri, za rangi, na tumezilipia. Nani aliyezifanya takataka?

Jibu lake ni hili, nami nalitoa kama lawama yangu ya kwanza: pakiti imetengenezwa ili sehemu kubwa ya vilivyomo iwe takataka. Kadi adimu haiwezi kuwa adimu pasipo mamia ya kadi zisizo na mtu. Mwenye kiwanda huamua mwenyewe ni kadi ipi ataichapa kwa wingi na ipi kwa uchache, kisha huuza uchache huo kwa bahati. Mchezo wa pata potea wa vichochoroni Dar es Salaam nao huuza bahati, ila angalau mchezeshaji wake humkimbia polisi. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia waliupiga marufuku mchezo wa Pokémon, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba una sura ya kamari. Hoja zao nyingine sizikubali. Hii ya kamari nimejaribu kuipinga nikashindwa.

Nimeshindwa kwa kuwa nilishaingia mwenyewe. Ilikuwa jioni ya Ijumaa, nimetoka kupokea mshahara wa ghalani. Nilikwenda dukani kumnunulia mtoto pakiti mbili kwa ajili ya mtihani alioufaulu. Nyumbani akaniachia nifungue moja. Ndani mlikuwa na kadi inayong'aa, na mwanangu akaruka kwa furaha, "Baba, una mkono wa heri!" Msomaji mpenzi, sifa ile ilinilevya. Siku ya pili nilirudi dukani peke yangu nikanunua boksi zima la pakiti 36. Nililipa dola 160. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kumpelekea mama yangu Tanga, anunue mabati ya kuezekea upande wa jikoni kabla ya masika.

Nilizifungua usiku, jikoni, mlango nimeufunga, kama mtu anayekunywa pombe kwa siri. Pakiti ya kumi niliifungua kwa matumaini. Ya ishirini niliifungua kwa hasira. Za mwisho nilizifungua kwa sababu zilikuwapo tu. Asubuhi mwenye duka alinikadiria kwamba zote pamoja, akizinunua moja moja, angenipa dola 47. Ile kadi moja ambayo mwanangu alikuwa akiiota kwa miezi ilikuwa ndani ya kabati lake la kioo, mbele ya macho yangu, kwa dola 22. Mbuzi alikuwa amefungwa nje, wazi, na meno yake yanaonekana. Mimi nikanunua magunia 36.

Mama alipopiga simu sikumwambia ukweli. Nilisema mshahara umechelewa. Akanijibu, "Haidhuru mwanangu, mvua nayo itachelewa." Maneno yale yamenikaa kifuani hata leo.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na pakiti na kununua kadi moja moja, hasa zile zilizopimwa daraja. Ni kweli kwamba kununua kadi moja uionayo ni busara, na huo ndio ushauri ninaompa kila mzazi. Lakini hilo la kupimwa daraja lina shaka zake, nalo lataka tulitazame kwa makini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwenye kadi huipeleka kwa kampuni ya wapimaji na kulipa ada. Wapimaji hukagua pembe, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kisha huipa daraja kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Kampuni mashuhuri kuliko zote, PSA, ilianza mwaka 1991. Sikatai kwamba kazi hii ina faida. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuishika kadi, na waghushi ni wengi. Akipata mtu wa tatu wa kumshuhudia, ni jambo jema. Hata wauza dhahabu wana mizani.

Lakini tazama mizani hii ilivyoanza. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, ya zile za enzi za sigara. Kadi hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka 1991 katika mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000, na mmoja wa wanunuzi wawili alikuwa Wayne Gretzky, bingwa wa mpira wa magongo wa barafuni. Wapimaji waliipa daraja la 8, na sifa zake zikaijenga biashara nzima. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane nzuri zaidi. Jiwe la kwanza la msingi lilikuwa limechongwa kwa hila. Na mwaka 2022 Logan Paul alifungua shehena ya Pokémon aliyosema ameinunua kwa dola milioni 3.5, iliyokuwa imethibitishwa kuwa halisi bila kufunguliwa. Ndani mlikuwa na kadi za G.I. Joe. Gunia lilikuwa na muhuri, na ndani mlikuwa na paka.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, haihusu udanganyifu. Wadanganyifu wako katika kila soko. Nailaumu hali ya moyo inayojengwa pale ambapo kila mtu ni mwaminifu. Kadi ya daraja la 9 na ya daraja la 10, ukiziweka mezani, mimi na wewe hatutazitofautisha. Bei zake zaweza kupishana mara kadhaa. Mwenye nazo hajui uzuri wake mpaka aambiwe. Na akishaambiwa hawezi tena kuigusa kadi yake, kwa kuwa akivunja kasha amevunja bei. Kitu kilichotengenezwa kishikwe na mikono ya watoto kimekuwa maiti ndani ya sanda ya plastiki. Mwaka 2021, wakati wa homa ya kadi iliyokuja na ugonjwa wa korona, PSA ililazimika kusimamisha kwa muda sehemu kubwa ya huduma zake kwa wingi wa kadi zilizorundikana. Mwezi Mei mwaka huo huo maduka ya Target yaliacha kwa muda kuziuza kadi hizo madukani, baada ya watu wazima kupigana huko Wisconsin hata bastola ikatolewa. Watoto walikuwa wapi?

Hapo ndipo nakumbuka kadi ya Hasheem Thabeet. Thabeet ni kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kadi za mwaka wa kwanza za Curry leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya Thabeet niliikuta kwenye boksi la mabaki nikainunua kwa dola mbili. Mwanangu aliipenda, akataka tuipeleke ikapimwe. Tulipopiga hesabu, ada ilizidi bei ya kadi mara kumi na zaidi. "Haina faida, Baba," akasema, akairudisha mezani.

Nilimweleza usiku wa mwaka 2009, tulivyokusanyika Watanzania kumi na wawili katika chumba kimoja, na jina lake lilipotajwa mzee mmoja akalia. Nilimweleza kwamba mtu yule hakudumu NBA kama tulivyotaraji, lakini aliendelea kucheza, hata Japani na Taiwan, na kwamba kufika pale kutoka Dar es Salaam si jambo la dola mbili. Alinisikiliza. Sijui kama nilimshawishi. Soko lina sauti kubwa kuliko baba.

Fedha za mabati nilizituma mwezi uliofuata, na safari hii nilimwambia mama ukweli wote. Alicheka sana, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kirefu kuliko kicheko. Nyumbani tumeweka sharti: pakiti moja kwa mwezi, na kadi zote kumi zisomwe kabla ya kuwekwa. Ile ya Thabeet mwanangu aliichukua tulipokwenda Tanga likizo, akampa binamu yake. Siku tunaondoka niliiona mfukoni mwa kaptula ya mtoto yule, pembe moja imekunjika. Nilitaka kumwambia aitunze. Nikamwacha.

Msomaji, simkatazi mtu kukusanya. Ninachoomba ni kwamba kabla hujatoa fedha ujiulize: je, kitu hiki nakitaka kikiwa nje ya gunia? Kama jibu ni ndiyo, kinunue kikiwa wazi, ukishike, umwonyeshe mwanao. Kama unalitaka gunia tu, basi fedha hiyo ina wenyewe. Yamkini wanangoja masika.